Mwache Aje Mbele: Jinsi ya Kucheza Ulinzi wa Alekhine kwa Kete Nyeusi

Mcheza drafti wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa maana ya chambo. Kwenye drafti kula ni lazima, na kijana aliyekulia vijiweni Manzese au Temeke anajua tangu mdogo kwamba ukitaka kumla mtu kete tatu, unaanza kwa kumlisha moja. Kwenye chesi kula si lazima, na mpinzani makini anaweza kuutazama mtego wako akaupita pembeni. Hata hivyo upo ufunguzi mmoja ambao wenye kete nyeupe wengi hawawezi kuuona wakanyamaza. Unaitwa Ulinzi wa Alekhine, na silaha yake ni farasi mmoja.

Humlishi mpinzani chochote. Unampeleka farasi mbele ya askari wake, naye anamfukuza. Farasi anahama, anafukuzwa tena. Baada ya hatua tano hivi mpinzani ana ukuta wa askari katikati ya ubao, wewe una farasi mmoja amekaa pembeni, na kila anayepita kuchungulia anaona umeshapigwa. Lakini askari wa chesi harudi nyuma. Kila alipopita ameacha nyumba ambazo hawezi kuzilinda tena, na kadiri alivyosogea ndivyo anavyohitaji mtu wa kumtunza. Kazi yako ni kuufanya ukuta ule uwe mzigo kwa aliyeujenga. Shika hilo moja, na hatua nyingi utazipata mwenyewe hata ukizisahau.

Usiogope kwamba unacheza kitu cha kihuni. Alexander Alekhine, mzaliwa wa Moscow, aliucheza Budapest mwaka 1921, na mwaka 1927 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Bobby Fischer aliutumia katika mchezo wa 13 dhidi ya Boris Spassky, ubingwa wa dunia ukiwa mezani. Mchezo ule ulikwenda hatua 74, Fischer akashinda na kufikisha pointi 8 kwa 5. Aliucheza tena katika mchezo wa 19, ukaisha sare.

Nitaandika hatua kama programu za simu zinavyoziandika, ili uweze kufuata huku umeshika simu: N ni farasi, B ni askofu, R ni ngome, Q ni malkia, K ni mfalme, na herufi ndogo pekee yake ni askari. O-O ni kumwingiza mfalme ngomeni upande mfupi. Nyumba inatajwa kwa herufi ya safu na namba ya mstari, kama e4. Alama ya x ni kula, + ni cheki, na ! ni hatua nzuri. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya Nyeusi, na herufi au namba ya ziada, kama kwenye Rad1 au N7b6, inaonyesha kete ilikotoka.

Kwanza: toa farasi, na ujue anakokwenda

Nyeupe anaanza 1.e4. Wewe jibu 1...Nf6. Farasi wako anamtisha yule askari wa e4 papo hapo, na hapo ndipo uchokozi unapoanza.

Jibu la kawaida ni 2.e5. Sasa farasi ana njia kadhaa, lakini njia yako ni moja: 2...Nd5, katikati. Ukienda 2...Ng4, angalia malkia wa Nyeupe pale d1. Askari wa e ameshaondoka, mshazari uko wazi mpaka g4, na 3.Qxg4 inamla farasi wako bure. Ukienda 2...Ne4, Nyeupe anacheza 3.d4, kisha f3, na farasi anabaki katikati ya kete za watu bila pa kurudi. Nimeona vijana wengi wakiuacha ufunguzi huu baada ya kupoteza farasi mara mbili namna hiyo, wakasema haufai. Ufunguzi hauna kosa. Farasi alipelekwa pasipo pake.

Baada ya 2...Nd5 Nyeupe hucheza 3.d4, nawe unajibu 3...d6 bila kuchelewa. Usijiulize mara mbili. Hii ndiyo patasi yako ya kwanza. Unazo tatu katika ufunguzi huu, nazo ni askari wa d6, wa c5 na wa f6. Kila moja inauchonga ukuta wa Nyeupe kutoka upande wake. Mchezo ukikwama na hujui la kufanya, jiulize patasi ipi bado hujaitumia.

Pili: akija na askari wote wanne

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo ufunguzi huu unapoonekana ulivyo, na ndipo wachezaji wa mtaani wanapoingia wengi zaidi.

Hatua ni hizi: 4.c4 Nb6 5.f4. Nyeupe sasa ana askari c4, d4, e5 na f4, mstari mzima. Kwa jicho la haraka anatisha. Jibu ni 5...dxe5 6.fxe5 Nc6. Farasi wa pili ameingia, na macho yake yako kwa d4. Nyeupe akisukuma 7.d5 kwa pupa, unakula 7...Nxe5 na umepata askari wa bure. Akicheza 7.Nf3, unamfunga farasi huyo kwa 7...Bg4, na d4 anaanza kukosa hewa. Ndiyo maana anayeujua mstari huu hucheza 7.Be3 kwanza, wewe ukajibu 7...Bf5. Kisha 8.Nc3 e6 9.Nf3 Be7.

Mara ya kwanza nilipofika hapa nikiwa na uhakika wa ninachofanya, nilikuwa Keko, kwenye karakana ya fundi seremala mmoja ambaye hucheza chesi kazi ikipoa. Ubao tuliuweka juu ya kabati ambalo halijapigwa vanishi, maranda yamejaa miguuni. Ni mtu mzima kwangu, kwa hiyo nilianza na shikamoo, akaitikia marahaba huku akipanga kete, na nilipomtoa farasi akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyo farasi wako anazurura," akaniambia.

"Muache azurure, mzee," nikamjibu.

Akamfukuza kwa furaha. Askari wanne walipanda mbele mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimgongesha kwenye ubao kama anayepigilia msumari. Alipofika hatua ya kumi akacheza 10.Be2, nami nikamwingiza mfalme ngomeni, 10...O-O. Akafanya vivyo hivyo, 11.O-O, na hapo nikatoa patasi: 11...f6. Akala 12.exf6, nikarudisha 12...Bxf6. Tukaendelea 13.Qd2 Qe7 14.Rad1 Rad8.

Panga kete zako mpaka hapo kabla hujasoma zaidi, kisha hesabu. Askari wa d4 anashambuliwa na farasi wa c6, askofu wa f6 na ngome ya d8. Anayemlinda ni nani? Farasi wa f3, askofu wa e3, malkia wa d2, ngome ya d1. Kete nne zimekaa kumtunza askari mmoja, na askofu wa e2 naye hawezi kuondoka hovyo, maana farasi wangu wa b6, yule aliyekuwa anazurura, anamtazama askari wa c4. Jeshi zima la fundi lilikuwa limegeuka walinzi wa usiku.

Alikaa kimya muda mrefu, kalamu ya kuchorea mbao ikiwa sikioni. Mwishowe akasukuma 15.c5 ili amfukuze farasi tena, na farasi akarudi d5, nyumba ileile aliyotimuliwa kwenye hatua ya nne. Safari hii hapakuwa na askari wa Nyeupe wa kumtoa pale, kwa sababu wa c na wa e, wawili wenye uwezo huo, mmoja ameshapita na mwingine ameshaliwa. Akabadilisha farasi, nikala kwa ngome. Askofu wake akaja c4 kuitisha, ikarudi nyuma, nikazipanga ngome zangu mbili kwenye safu ya d, na d4 akaanguka. Baada ya hapo mchezo ulikuwa mrefu lakini haukuwa mgumu.

Upo mstari mwingine mkali hapohapo, na lazima uuhifadhi kichwani maana hauwezi kubuniwa mezani. Badala ya 10.Be2, Nyeupe anacheza 10.d5. Jibu: 10...exd5 11.cxd5 Nb4 12.Nd4 Bd7 13.e6 fxe6 14.dxe6 Bc6 15.Qg4 Bh4+ 16.g3 Bxh1. Umemla ngome, lakini mfalme wako bado yuko katikati na Nyeupe ana mashambulizi ya kweli. Usiingie hapo kama hujayapitia na kompyuta nyumbani. Ukiwa na haraka ya kuutumia ufunguzi huu wiki hii, cheza 9...Bg4 badala ya 9...Be7: 10.Be2 Bxf3 11.gxf3 Qh4+ 12.Bf2 Qf4. Malkia wako anaingia uwanjani, na upande wa mfalme wa Nyeupe umeharibika.

Tatu: akiwa mtulivu, 4.Nf3

Huyu ndiye mpinzani mgumu. Amekuona unavyochokoza, amesogea hatua mbili tatu, kisha ametulia na kutoa farasi: 4.Nf3. Ndicho alichofanya Spassky mwaka 1972, na Fischer akajibu 4...g6 kwenye mchezo wa 13, na 4...Bg4 kwenye wa 19. Zote mbili ni nzuri. Mimi napendekeza njia ya tatu, ambayo Mwingereza Tony Miles aliipa jina lake: 4...dxe5 5.Nxe5 c6. Haina mambo mengi ya kukariri, na nafasi yako inakuwa ngumu kama zege.

Kawaida huendelea 6.Be2 Bf5 7.O-O Nd7 8.Nf3 e6, kisha Be7 na mfalme ngomeni. Askofu wako ametoka nje ya ukuta kabla ya kuufunga kwa e6, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Akija 6.Bc4, jibu 6...Nd7, akirudisha 7.Nf3 cheza 7...N7b6.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umenipa ushindi mwingi, hasa kwa wapinzani waliozoea kumfukuza farasi kila wamwonapo. Wanacheza 6.c4. Mkono unakutuma urudi b6. Usirudi. Cheza 6...Nb4! Unachotishia ni kumla askari wa d4 kwa malkia. Tuseme Nyeupe hajaona na anacheza 7.a3 amfukuze tena. Wewe 7...Qxd4! Akikula malkia, 8.Qxd4, farasi anaruka 8...Nc2+ na amewashika mfalme wa e1 na malkia wa d4 kwa pamoja. Mfalme anasogea, unamla malkia, na hesabu ikimalizika umemzidi askari mmoja. Akiamua kumla farasi badala yake, 8.axb4, malkia wako anamla farasi wa e5 kwa cheki na bado umemzidi askari. Anayejua atajibu 7.Be3, nawe unaongeza shinikizo kwa 7...Bf5.

Onyo moja: baada ya 5.Nxe5 kuna wanaocheza 5...Nd7 ili kumtoa farasi wa e5. Nyeupe ana jibu la kutoa kafara, 6.Nxf7! Kxf7 7.Qh5+, na mfalme wako analazimika kutoka 7...Ke6, katikati ya barabara, ili kumlinda farasi wa d5. Kisha 8.c4. Wapo wanaoweza kuishi hapo. Mimi simshauri mtu.

Nne: akibadilishana, au akikimbiza mpaka mwisho

Mabadilishano ni 4.c4 Nb6 5.exd6. Kula kwa askari wa e, 5...exd6, halafu Be7, Nc6, mfalme ngomeni. Kula kwa c kuna uhai zaidi, lakini Nyeupe ana mpango uliopewa jina la mji wa Voronezh wa Urusi, ambao umewatesa wengi. Anza na exd6, mengine yatakuja.

Mkimbizaji wa mwisho ni yule anayecheza 3.c4 Nb6 4.c5. Rudi 4...Nd5. Usidanganyike na 4...Na4, kwa sababu askari wa c ameondoka na mshazari wa malkia uko wazi upande ule pia: 5.Qxa4, umekwisha. Ni kosa lilelile la Ng4, limehamia upande wa pili wa ubao. Baada ya 4...Nd5 5.Bc4 e6, askofu wako wa f8 ambaye hata hajaamka tayari anamtazama c5. Nyeupe akimlinda kwa 6.d4, piga 6...b6, akila 7.cxb6 unarudisha kwa askari wa a na ngome yako imefunguliwa safu. Akicheza 6.Nc3, piga 6...d6. Mstari mkali hapo ni 7.Nxd5 exd5 8.Bxd5 c6 9.Bxf7+ Kxf7 10.cxd6 Qe8: ana askari watatu, wewe umemzidi kete nzima. Tulia, toa kete zako, na usimwache mfalme wako nje muda mrefu.

Tano: asipokubali kuchokozeka

Wengine hawasogei e5 kabisa. Akicheza 2.Nc3, piga katikati, 2...d5. Akibadilisha 3.exd5 Nxd5 huna tatizo lolote. Akisukuma 3.e5, unaweza kucheza 3...d4 4.exf6 dxc3 5.fxg7 cxd2+ 6.Bxd2 Bxg7, mkabaki sawa kwa hesabu, safu ya g ikiwa wazi kwa ngome yako. Akicheza 2.d3, jibu 2...e5 na mchezo unakuwa wa kawaida.

Akicheza 2.Bc4, ambayo utaiona sana kwa vijana wanaotafuta ushindi wa haraka kwenye f7, mle: 2...Nxe4! Atakula 3.Bxf7+ Kxf7 4.Qh5+. Usihangaike. Cheza 4...Kg8. Atakuja 5.Qd5+, na hapo una hatua moja tu ya kuzuia, 5...e6; ukiikosa mfalme amekufa. Atamrudisha farasi, 6.Qxe4, kisha wewe 6...d5. Tazama ubao: katikati ni yako, malkia wake anakimbia, na maaskofu wako wawili wanasubiri kutoka.

Sita: namna ya kuufanyia mazoezi

Usianze na mistari. Anza na nafasi. Panga ubao kwenye hatua ya tatu, 3...d6, ucheze na rafiki kuanzia pale, mara kumi wewe Nyeusi, mara kumi yeye. Kwenye Lichess, ambayo ni bure na haina matangazo, unaweza kupanga nafasi yoyote na kucheza na kompyuta kwa kiwango unachokitaka. Mimi hutumia safari ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni kupitia michezo ya jana: natafuta hatua moja tu, ile ambapo nilipaswa kutumia patasi na sikuitumia. Mara nyingi ni c5 au f6 iliyochelewa.

Saa nayo ina neno. Kwenye michezo ya dakika tatu mpinzani atapoteza muda mwingi akijiuliza amfukuze farasi au asimfukuze, na hilo linakusaidia. Kwenye michezo mirefu atakaa, atahesabu, na atakuja na 4.Nf3. Kwa hiyo ukiwa na mashindano ya saa nzima, sehemu ya tatu ya mwongozo huu uifahamu kuliko ya pili.

Fundi wa Keko siku hizi hapandishi askari wanne. Alibadilika polepole: kwanza akawa anaishia watatu, halafu akaanza 4.Nf3, na juzi alicheza 2.Nc3, akaegemea benchi lake akasema, "Leo farasi wako simfukuzi." Tulicheza mpaka taa za barabarani zikawaka, tukamaliza sare, ngome moja kwa moja.